Mgeni wa ushuru Minneapolis, mkaazi wa ushuru Kisauni

Swali la msomaji:

"Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa. Nasomea uzamifu Minneapolis kwa viza ya mwanafunzi, F-1, tangu Agosti 2022. Mwaka 2024 chuo kilinilipa dola 22,000 kwa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nina hisa chache za kampuni za Marekani nilizonunua kwa simu, zikanipa gawio la dola 180, na benki ikanipa riba ya dola 35. Kisauni nina nyumba: upande mmoja kuna mpangaji wa shilingi 30,000 kwa mwezi, upande wa pili anakaa mamangu, na chumba changu kimo humo na vitu vyangu. Desemba nilikwenda wiki tatu, na nikiwa huko nikaifanyia kampuni moja ya London kazi ya kutafsiri, pauni 400. Mwezi wa nne nilijaza fomu 1040, ritani ya ushuru ya Marekani, kwa programu ya intaneti, nikarudishiwa pesa. Kenya, binamu yangu hunijazia ritani ya nil pale saiba kila Januari. Sasa mwenzangu wa chumba, Mhindi, aniambia fomu yangu si hiyo, ilhali yeye mwenyewe alipata punguzo lile lile nililopata mimi. Nani kakosea? Na kodi inayoingia kwenye M-Pesa ya mamangu, ni pato lake au langu?"

Jibu:

Dada, mwenzako hajakosea. Aliyekosea ni wewe, na binamu naye kakosea zaidi yako. Kabla hatujaenda mbali tukubaliane maneno: nikisema kodi nakusudia pesa ya mpangaji, na ya serikali nitaiita ushuru, maana barua yako ina zote mbili na tukizichanganya hatutoki.

Watu wengi huanza na swali la "pato hili nilipeleke wapi?" Swali la kwanza ni jingine: wewe ni mkaazi wa nani? Na ukaazi wa ushuru haufanani na ukaazi wa kawaida, wala haufanani na viza, wala uraia. Kila nchi ina kipimo chake, na haiulizi jirani kapima vipi. Ndiyo maana mwaka 2024 ulilala Minneapolis zaidi ya siku 340 na Marekani ikakuhesabu mgeni, ukalala Kisauni wiki tatu na Kenya, nionavyo mimi, ikakuhesabu mkaazi. Mambo yako yote yanatokana na kinyume hicho.

Tuanze na Marekani. Kwa kawaida mtu asiye raia wala mwenye kadi ya kijani huhesabiwa siku: awe nchini angalau siku 31 mwaka huo, na ukijumlisha siku zote za mwaka huo, thuluthi ya siku za mwaka uliotangulia na sudusi ya zile za mwaka wa nyuma yake, zifike 183. Kwa siku peke yake ungekuwa umefuzu zamani. Lakini mwanafunzi wa F-1 siku zake hazihesabiwi kwa miaka mitano ya kwanza, na hapo ni miaka ya kalenda, si miezi 60. Uliingia Agosti 2022, basi 2022 nzima imehesabika kuwa mwaka wako wa kwanza hata kama ulikaa miezi mitano tu. Miaka yako mitano ni 2022, 2023, 2024, 2025 na 2026. Katika yote hiyo wewe si mkaazi, fomu yako ni 1040-NR, ritani ya wasio wakaazi, na pamoja nayo fomu 8843, ile ya kueleza kwa nini siku zako zisihesabiwe. Fomu 8843 hujazwa hata na mwanafunzi ambaye hakupata senti.

Programu uliyotumia ilikuuliza mapema kabisa kama wewe ni raia au mkaazi. Ukaangalia dirishani, ukaona theluji ya mwaka wa tatu, ukabonyeza ndiyo. Sikucheki. Mwaka wangu wa kwanza kule nilibonyeza hivyo hivyo, nikarudishiwa pesa, nikanunulia koti. Koti lilichakaa kabla sijamaliza kuzirudisha zile pesa.

Ukasema mwenzako alipata punguzo lile lile. Ni kweli, na ni halali yake. Mkaazi wa Marekani asiye na ndoa alikatiwa dola 14,600 za kwanza mwaka 2024 kabla ya ushuru kuanza kuhesabiwa. Asiye mkaazi hapati punguzo hilo. India, hata hivyo, ina mkataba wa ushuru na Marekani, na kifungu cha 21 cha mkataba huo kinawapa wanafunzi wa Kihindi punguzo hilo wakiwa bado kwenye 1040-NR. Kenya na Marekani hazina mkataba wa namna hiyo. Tanzania hali kadhalika, wala Uganda. Kwa hiyo mnaishi chumba kimoja, mnafundisha darasa moja kwa mshahara mmoja, na ushuru wenu haufanani. Ukitaka kulalamika, walalamikie walioketi mezani miaka hiyo na wale ambao hawakuketi.

Sasa hesabu, maana bila tarakimu haya ni maneno matupu. Kwa fomu uliyojaza: mshahara 22,000 na riba 35, toa 14,600, inabaki 7,435, asilimia 10 yake ni kama dola 743. Gawio programu ililitoza sifuri kwa sababu kwa mkaazi wa kipato chako aina hiyo ya gawio hutozwa sifuri. Kwa fomu sahihi: mshahara 22,000, unaruhusiwa kutoa ushuru wa jimbo uliokatwa mwaka huo. Tuseme Minnesota ilikukata 700. Angalia karatasi yako ya W-2, ile ambayo mwajiri huonyesha mshahara na makato ya mwaka. Inabaki 21,300. Dola 11,600 za mwanzo kwa asilimia 10 ni 1,160, 9,700 zilizobaki kwa asilimia 12 ni 1,164, jumla 2,324. Riba ya benki inatoka kabisa, kwani riba ya akiba ya kawaida haitozwi kwa asiye mkaazi. Gawio linaingia kwa njia yake: asilimia 30 bila kukatiwa chochote, yaani dola 54. Jumla 2,378. Tofauti na ulichohesabiwa ni dola 1,635, nazo ndizo utakazozirudisha pamoja na riba yake tangu 15 Aprili 2025.

Gawio lenyewe lingekatwa juu kwa juu kama ungejitambulisha vizuri. Ulipofungua akaunti ya hisa uliulizwa utie sahihi W-9 au W-8BEN. Nakisia ulichagua W-9 kwa sababu una nambari ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) na ile nyingine ilikuwa ikiuliza mambo ya ugenini. W-9 ni ya watu wa Marekani. Ibadilishe wiki hii. Na ukiwa humo ndani ya programu ya hisa, chukua tahadhari moja ambayo huwashtua wengi: siku ambazo hazihesabiwi kwa ukaazi zinahesabiwa kwa faida ya kuuza hisa. Asiye mkaazi aliyekaa Marekani siku 183 au zaidi katika mwaka hutozwa asilimia 30 ya faida aliyopata kwa kuuza. Hukuniandikia kuwa uliuza. Ukiuza, jua.

Angalia pia W-2 kama ulikatwa michango ya Social Security na Medicare (pensheni na matibabu ya wazee), zile asilimia 6.2 na 1.45. Mwanafunzi wa F-1 asiye mkaazi hakatwi. Zikiwa zimekatwa, nenda ofisi ya mishahara ya chuo wakurudishie. Wakishindwa, kuna fomu 843 ya kuidai serikali moja kwa moja.

Kurekebisha si kujaza upya na kutuma kana kwamba la kwanza halikuwapo. Unasubiri ritani ya kwanza ishughulikiwe, kisha unajaza 1040-X, fomu ya marekebisho: jina, anwani na nambari yako ukurasa wa mbele, na sehemu ya maelezo unaandika kwa lugha nyepesi kwamba ulitumia 1040 kwa makosa, wewe ni mwanafunzi wa F-1 ambaye siku zake hazihesabiwi. Nyuma yake unabandika 1040-NR kamili, juu yake umeandika neno la Kiingereza "Amended", na 8843. Lipa siku hiyo hiyo unayotuma. Riba haingoji barua. Jimbo nalo hupokea hesabu kutoka ile ya shirikisho, kwa hiyo Minnesota itataka fomu yake ya marekebisho, M1X. Na 2022 na 2023? Hukuzitaja. Kama zilijazwa kwa programu ile ile, unajua jibu.

Usiseme "dola elfu na kitu, wataniona wapi?" Kwenye 1040 uliapa kuwa wewe ni mkaazi. Mkaazi wa Marekani hutangaza pato lake la dunia nzima, na wewe hukuandika kodi ya Kisauni. Ukibaki na fomu ile umejitia kwenye kosa la pili la kuficha pato, ambalo kwa haki hukulifanya. Ukisahihisha, kodi ya Kisauni haimo kabisa kwenye ritani ya Marekani, kwa sababu si pato la Marekani na wewe si mkaazi wake. Kuirekebisha fomu kunakugharimu dola 1,635 na kunakuondolea mzigo huo.

Pauni za London nazo zina jibu zuri kuliko ulivyotarajia. Malipo ya kazi hufuata mahali ulipoketi ukiifanya. Alipo anayelipa si hoja, wala benki pesa zilipoingia. Uliketi Kisauni. Basi si pato la Marekani, na Uingereza nayo haina lake kwa mtu asiyekaa kwao wala kufanyia kazi kwao. Lakini sikiliza: laiti ungeifanya kazi hiyo hiyo kwenye meza ya maktaba Minneapolis, lingekuwa pato la Marekani, na tatizo kubwa lisingekuwa ushuru bali viza, kwa sababu F-1 haikuruhusu kazi ya nje ya chuo bila kibali. Wakikuletea kazi nyingine Februari ukiwa Minneapolis, ikatae, au kwanza uone wakili wa uhamiaji.

Haya, twende nyumbani, ambako pana utata zaidi.

Sheria ya ushuru wa mapato ya Kenya, Sura ya 470, ina milango mitatu ya ukaazi kwa mtu binafsi. Wa kwanza: una makao ya kudumu Kenya na ulikuwapo Kenya kwa kipindi chochote katika mwaka. Wa pili: huna makao ya kudumu lakini ulikuwapo siku 183 au zaidi. Wa tatu: ulikuwapo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka. Usome tena ule wa kwanza. Kipindi chochote. Wiki tatu ni kipindi. Wikendi ni kipindi.

Kinachobaki ni kama Kisauni ni makao yako ya kudumu. Ungekuwa umepangisha nyumba yote, ukija unalala kwa shangazi, ningekuwa na hoja ya kukutetea. Lakini umeniandikia mwenyewe: chumba chako kimo, vitu vyako vimo, mamako yumo. Nyumba ni yako na mlango uko wazi saa yoyote. Mimi nikiwa afisa wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, nisingeumiza kichwa. Nakuhesabu mkaazi wa Kenya kwa 2024.

Hilo lina utamu na uchungu. Utamu ni kwenye kodi. Mkaazi mwenye kodi ya nyumba za kuishi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa ushuru wa kodi wa kila mwezi, asilimia 7.5 ya kodi yote tangu Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 10. Yako ni 360,000 kwa mwaka, ushuru wake 2,250 kwa mwezi, au 27,000 kwa mwaka. Ungekuwa si mkaazi, ungekatwa asilimia 30 ya kodi yote, shilingi 9,000 kila mwezi. Walio ughaibuni wakiona pengo hilo hukimbilia kujiita wakaazi.

Uchungu ni huu: mkaazi wa Kenya hutozwa mshahara wake wa kazi ya ajira hata kama aliifanyia nje ya Kenya. Dola 22,000 zako zinaingia. Gawio na riba za Marekani hazimo, kwa sababu mapato ya namna hiyo Kenya huyatoza yakiwa yametoka Kenya. Mshahara lakini umo. Tuchukue shilingi 130 kwa dola ili kurahisisha: shilingi 2,860,000. Za mwanzo 288,000 kwa asilimia 10 ni 28,800. 100,000 zinazofuata kwa 25 ni 25,000. 2,472,000 zilizobaki kwa 30 ni 741,600. Jumla 795,400, toa nafuu ya kila mtu 28,800, inabaki 766,600. Raia wa Kenya huruhusiwa kuhesabiwa ushuru alioulipa nje kwa mshahara huo, na wako wa Marekani uliosahihishwa, dola 2,324, ni shilingi 302,120. Pengo ni shilingi 464,480, kabla ya kuutazama ule wa jimbo.

Najua. Ni pesa nyingi kwa mwanafunzi, na Wakenya wengi walioko nje hawajui kama sheria iko hivyo. Ndiyo maana sitaki ukajaze takwimu hizi kwenye iTax, mtandao wa ritani wa KRA, kesho asubuhi kwa sababu tu nimekuandikia. Ukaazi wako unategemea chumba kimoja, na chumba kimoja kinastahili kutazamwa na mshauri wa ushuru aliyesajiliwa Kenya, akiwa na hati ya nyumba na mkataba wa mpangaji mkononi. Tena sheria ya taratibu za ushuru ya 2015 inakuruhusu kumwandikia Kamishna ueleze hali yako na kuomba uamuzi wa maandishi. Ninachokukataza ni kuchagua: kuwa mkaazi kwenye kodi ili ulipe 7.5, halafu kuwa mgeni kwenye mshahara ili usilipe kitu. Mtu ni mmoja na mwaka ni mmoja. Ukiwa mkaazi, yote mawili. Ukiwa si mkaazi, kodi inakatwa 30, mshahara hauguswi. Kwa tarakimu zako kutokuwa mkaazi ni nafuu kubwa, 108,000 dhidi ya karibu laki tano, ingawa watu huogopa neno 30. Na mwaka ambao hukukanyaga Kenya hata siku moja, milango yote mitatu imefungwa, chumba kiwe na kitanda au kisiwe nacho.

Pauni 400 ulizozipata Kisauni ni pato la Kenya kwa vyovyote vile, na zinaingia kwenye ritani.

Kuhusu binamu: ritani ya nil maana yake mwenye PIN (nambari ya mlipa ushuru) hakupata chochote. Wewe ulikuwa na mpangaji. Kijana wa saiba hakuulizi, hubonyeza, hukuchapishia risiti na kuchukua hela yake, lakini tamko ni lako. Habari njema ni kwamba ritani ya Kenya hurekebishwa ndani ya miaka mitano kwenye iTax hiyo hiyo, na ukijirekebisha mwenyewe kabla hawajakuandikia unaongea nao ukiwa umesimama vizuri. Ushuru uliochelewa hubeba faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Na kila mwaka kumbuka 30 Juni: ukichelewa kuwasilisha ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, lililo kubwa ndilo.

Tarehe moja ya mbele uiandike ukutani: 1 Januari 2027. Siku hiyo miaka yako mitano imekwisha na Marekani inaanza kukuhesabia siku. Ukikaa 183 mwaka huo, wewe ni mkaazi, fomu ni 1040, punguzo unalipata, na kodi ya Kisauni inaingia kwenye ritani ya Marekani, nao huenda wakakuhesabia ushuru ulioulipa Kenya kwa kodi hiyo. Akaunti zako za nje, ya benki na ya Sacco, zikijumlika kupita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, utazitaja kwenye tangazo la akaunti za nje. Na kama bado utakuwa na chumba Kisauni na tiketi ya Desemba, utakuwa mkaazi wa nchi mbili kwa mwaka mmoja, bila mkataba wa kuamua nani akuachie nani.

La mwisho, mamako. Kodi ni ya mwenye nyumba, si ya mwenye simu. Hati ina jina lako, basi pato ni lako hata kama kila shilingi imeingia M-Pesa yake na ikaishia kwenye unga, maji na dawa zake. Hakuna ubaya akiendelea kupokea. Mwombe tu asifute ujumbe wa mpangaji, awe akikutumia picha yake. Mshauri akithibitisha kuwa wewe ni mkaazi, ushuru wa kila mwezi unalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata: unaingia iTax ukiwa hapo Minneapolis, unajaza 30,000, unatoa namba ya malipo, unamtumia yeye, naye analipa 2,250 kwa M-Pesa ile ile iliyopokea kodi.